Antivairasi feki kwenye kompyuta: jinsi ya kuitambua na kuing'oa bila kupoteza mafaili yako

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imepinda, mwanga wa taa umeangukia katikati, na chini yake swali lile lile: "Fundi, hii ni kweli?" Kwenye picha kuna dirisha jekundu linalotangaza kwamba kompyuta ina virusi 5, au 13, au 247, na kitufe kikubwa cha kijani cha kulipia ili viondolewe. Jibu langu halibadiliki: usilipe, na usikimbilie kupigiwa Windows upya kabla hujajua ni kitu gani hasa kimekupata.

Hilo la pili nalisema kwa uchungu. Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia na laptopu yake siku chache baada ya kuipeleka dukani kwa fundi mwingine. Shida yake ilikuwa onyo lililochomoza kila baada ya dakika chache kwenye kona ya chini kulia. Akapigiwa Windows upya, na alama za wanafunzi za muhula mzima zikaenda nayo. Aliporudi nyumbani akafungua tena ile tovuti yake ya kuangalia mpira, akabonyeza "Allow" kama alivyozoea, na onyo likarudi jioni ile ile. Kazi yenyewe ya kuliondoa ilinichukua chini ya dakika mbili. Kirusi hakikuwepo, wala hakikuwahi kuwepo.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Ni kitu gani hiki

Ni programu, au ukurasa tu wa intaneti, unaojifanya kukagua kompyuta yako, ukatangaza virusi na programu za kijasusi ambazo hazipo, kisha ukadai pesa za kuziondoa. Biashara hii ina umri. Mwaka 2008 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani waliokuwa nyuma ya programu feki za WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameshatoa pesa zao, na mwaka 2012 mahakama iliamuru kulipwa zaidi ya dola milioni 163. Wenye Mac nao hawakusalimika: mwaka 2011 ilizuka MacDefender, hadi Apple ikalazimika kutoa sasisho la kuiondoa. Majina yamebadilika tangu hapo, mbinu ni ile ile.

Siku hizi utakutana nayo kwa sura tatu, na ndiyo maana dawa ya jirani yako inaweza isikufae wewe:

- Ukurasa tu. Umefungua tovuti, skrini nzima ikajaa onyo, pengine na sauti ya king'ora. Ukifunga kivinjari (Chrome, Edge na wenzao), mambo yamekwisha.
- Arifa za kivinjari. Vijidirisha vinachomoza kona ya chini kulia hata ukiwa kwenye Word. Uliziruhusu wewe siku moja bila kujua. Hizi ndizo zinazoongoza kwa wanaonijia.
- Programu yenyewe. Imeshaingia ndani ya kompyuta, ina alama yake karibu na saa, inawaka yenyewe ukiwasha mashine. Hii ndiyo yenye kazi.

Utaijuaje kwamba ni feki

Anza na pesa na simu. Ulinzi wa Windows ulio ndani ya kompyuta yako hauuzwi, kwa hiyo hauwezi kukudai malipo ili uondoe kirusi. Na Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba maonyo yao hayawekwi namba ya simu. Ukiona "piga namba hii sasa hivi", hapo umeshapata jibu.

Halafu tazama ule ukaguzi wenyewe kwa utulivu. Ukaguzi wa kweli wa diski nzima huchukua saa, wakati mwingine zaidi ya saa moja. Wa uongo humaliza mafaili laki tatu kwa sekunde nane. Niliwahi kukaa na dada mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi tukaangalia pamoja mstari wa kijani ukikimbia, ukisema unakagua diski C:, kisha D:, kisha E:. Nikamwomba afungue "This PC". Laptopu yake ilikuwa na C: peke yake. Ile "skani" ilikuwa picha inayotembea. Na ndiyo sababu ukurasa wa aina hiyo ukiufungua kwenye simu, nayo itaambiwa ina virusi ndani ya folda ya C:\Windows.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu kwa haki kabisa. Laptopu mpya nyingi huja na antivairasi halali ya majaribio, na muda wake ukiisha inakusumbua ulipie. Hiyo si feki. Lakini matapeli wanaiga majina na rangi za kampuni hizo hizo kwenye arifa zao. Ukitaka kujua ni ipi, nenda Settings, kisha "Apps", kisha "Installed apps" (kwenye Windows 10 ni "Apps & features"). Kama jina la antivairasi hiyo halimo kwenye orodha, huna antivairasi hiyo, na muda wa kitu usichokuwa nacho hauwezi kuisha. Kama limo na unataka kulipia, fungua programu yenyewe na ulipie humo. Usilipie kupitia dirisha lililochomoza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta nyingine iliyo safi, ya kusomea mwongozo huu na ya kubadilishia nywila.
- Flashi yenye nafasi ya kutosha mafaili yako muhimu.
- Bando lisilopungua GB 1, maana utapakua programu za ukaguzi na masasisho.
- Chaja iliyochomekwa. Kuna hatua ambayo kompyuta ikizimika katikati utajuta.
- Nywila ya akaunti yenye mamlaka ya kusakinisha na kuondoa programu. Kama ni kompyuta ya ofisi, mpigie mtu wa kompyuta wa ofisini kwako kwanza.
- Kalamu na karatasi. Utaandika majina ya mafaili, na hutayakumbuka kichwani.
- Saa mbili au tatu zisizo na haraka.

Kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye flashi: hati za Word, Excel, PDF, picha. Usinakili kitu kinachoishia na .exe, .bat au .lnk, maana unaweza kuhamisha ugonjwa pamoja na mgonjwa. Ukimaliza, toa flashi na uiweke pembeni.

Hatua

1. Usibonyeze chochote ndani ya dirisha la onyo. Hata ile X ya kulifunga, hata "Cancel". Mtu aliyetengeneza dirisha ndiye aliyeamua kila kitufe kitafanya nini, na X yake inaweza kuwa "sakinisha". Funga kwa kibodi: shikilia Esc kwa sekunde chache ili utoke kwenye skrini nzima, kisha bonyeza Alt na F4 pamoja. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka "Task Manager". Chagua jina la kivinjari, kisha "End task". Ukikifungua tena kivinjari kikakuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

2. Kata intaneti. Zima Wi-Fi au chomoa modemu. Programu feki nyingi hupakua wenzao zikiachiwa nafasi. Mipangilio tutakayoigusa sasa haihitaji mtandao.

3. Jua una sura ipi kati ya zile tatu. Funga vivinjari vyote, subiri dakika kumi. Kimya, na hata kabla ya kukata intaneti hakukuwa na vijidirisha vya pembeni? Ulikuwa ukurasa tu. Nenda hatua ya 9, kisha ya 11. Vijidirisha vinachomoza pembeni, au vilikuwa vikichomoza kabla hujakata intaneti? Soma maandishi madogo ya kijidirisha. Ukiona jina la Chrome au Edge pamoja na anwani ya tovuti usiyoijua, ni arifa: fanya hatua ya 4, kisha ruka hadi ya 9. Ukiona alama ngeni karibu na saa, au dirisha kamili lenye jina lake, ni programu: fanya hatua zote.

4. Funga mlango wa arifa. Kwenye Chrome, andika kwenye sehemu ya anwani chrome://settings/content/notifications kisha Enter. Kwa Edge ni edge://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Kwa yule mwalimu zilikuwa kumi na moja, nyingi majina yake ni herufi zilizokorogwa zisizosomeka kwa lugha yoyote. Gusa vidoti vitatu vya kila moja, uchague "Block". Watu hupenda "Remove", lakini ukiiondoa tu, siku utakayorudi itakuomba ruhusa tena, ukiizuia, haitaomba. Ukimaliza, chagua pale juu tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa kabisa.

Zinaingiaje? Unafungua tovuti ya mpira, ya filamu za bure au ya kupakulia nyimbo, ukurasa unakuambia "Bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti". Kipimo cha kweli cha roboti hakitumii kitufe cha "Allow". Waambie na watoto nyumbani.

5. Isimamishe programu. Fungua "Task Manager" kwa Ctrl, Shift na Esc. Tafuta jina linalofanana na lile la kwenye dirisha, au jina la herufi zisizo na maana. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open file location". Andika kwenye karatasi folda na jina la faili, herufi kwa herufi. Kisha rudi ubonyeze "End task".

Angalizo: programu feki hupenda kujificha ndani ya folda ya AppData, lakini Zoom nayo huweza kukaa humo humo. Kukaa AppData peke yake si kosa. Na usisimamishe kitu kilichoko C:\Windows\System32 kwa sababu tu hulijui jina lake. Windows yenyewe ina majina mengi ya ajabu.

6. Iondoe kwa njia ya kawaida. Settings, "Apps", "Installed apps". Panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Hapa ndipo siri inapofichuka, maana programu feki haiji peke yake: utakuta tatu au nne zimeingia siku moja, moja inaitwa kitu cha kusafisha, nyingine cha kuharakisha, nyingine kivinjari usichokijua. Ondoa zote za siku hiyo ambazo hukuzileta wewe. Zikikuuliza "una uhakika?" zisome kwa makini, kwa sababu wakati mwingine kitufe cha rangi kali ndicho cha kubaki nazo.

7. Ikikataa kutoka, ingia Safe Mode. Hii ni hali ambayo Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Shikilia Shift huku ukibonyeza "Restart". Fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza namba 4.

Angalizo kubwa: laptopu nyingi za sasa zimefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalolinda diski, na hapa zinaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kabla ya kuanza hatua hii, ingia kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft na uhakikishe ufunguo unaupata. Bila ufunguo huo mafaili yako yanaweza kukaa ndani yakiwa mazima na usiyafikie.

Ukiwa Safe Mode, baadhi ya programu hazitakubali kuondolewa, maana huduma ya Windows Installer huwa imelala. Usihangaike nayo. Nenda kwenye folda uliyoiandika hatua ya 5, tafuta lile faili la .exe, libadilishe jina kwa kuongeza X mbele. Washa upya kompyuta kawaida. Programu haitaweza kuwaka kwa sababu faili lake halipo kwa jina linalotafutwa, na sasa utaiondoa kwa hatua ya 6 bila ubishi.

8. Ng'oa mizizi. Watu wengi huishia hatua ya 6, na kesho yake wananipigia: "imerudi". Kwenye "Task Manager" fungua sehemu ya "Startup apps" (au "Startup") na uzime kisichoeleweka. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika taskschd.msc, Enter. Upande wa kushoto gusa "Task Scheduler Library". Pitia kazi moja moja, ukitazama "Actions" ya kila moja: unatafuta inayoamsha lile faili uliloliandika, au inayofungua anwani ya tovuti kila baada ya muda fulani. Iweke "Disable" kwanza, usiifute. Wiki ikipita salama, futa.

Hapa lazima nikutahadharishe. Kuna mtego uliosambaa sana tangu 2024: ukurasa unakuambia ubonyeze kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, eti ili kurekebisha kosa au kuthibitisha wewe ni binadamu. Ukurasa wenyewe unakuwa umeshaweka amri mbaya kwenye kumbukumbu ya kunakili, nawe unaibandika na kuitekeleza kwa mkono wako. Dirisha hilo litumie kwa maneno unayoyaandika mwenyewe na unayojua yanafanya nini. Usibandike kitu humo kwa kuambiwa na tovuti.

9. Safisha kivinjari. Andika chrome://extensions (au edge://extensions) uondoe nyongeza usizozitambua. Kisha chrome://settings/reset, uchague kurudisha mipangilio ya mwanzo. Nywila ulizohifadhi na kurasa ulizoziwekea alama hazifutiki, ila nyongeza zitazimwa na utatakiwa kuingia upya kwenye tovuti zako. Mwisho, bonyeza kulia alama ya kivinjari iliyoko kwenye skrini, "Properties", utazame mstari wa "Target". Kwa Chrome kwa kawaida huishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Kukiwa na anwani ya tovuti baada ya hapo, ifute.

10. Rudisha ulinzi wa Windows. Fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", kisha "Manage settings". Hakikisha "Real-time protection" na "Tamper Protection" zimewaka. Shuka chini hadi "Exclusions" na uingie ndani.

Hapa ndipo nakuomba usiruke. "Exclusions" ni orodha ya sehemu ambazo ulinzi umeambiwa usiziangalie. Programu feki hujiandika humo. Na mara nyingi aliyeziandika ni mtu: yule aliyekuwekea Office ya kuvunjwa aliambiwa na maelekezo aongeze folda fulani ili "isisumbuliwe". Nimekuta laptopu iliyoandikwa C:\ yote. Yaani mlinzi amelipwa, amekaa getini, na ameambiwa asitazame nyumba. Futa kila kilichomo, isipokuwa kama ni kompyuta ya kazi na unajua sababu yake.

11. Skani mara mbili, kwa macho mawili tofauti. Sasa washa intaneti. Ndani ya "Windows Security" sasisha kwanza kupitia "Protection updates", kisha "Scan options", "Full scan". Acha ifanye kazi, nenda kapike. Ikimaliza, chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Kompyuta itazima na kuwaka katika skrini tofauti, ikague kabla Windows haijaamka, kwa muda wa kama dakika 15. Hii ndiyo hatua niliyokuambia chaja iwe imechomekwa, na hapa pia ufunguo wa BitLocker uwe karibu. Majibu utayakuta kwenye "Protection history".

Kwa jicho la pili tumia Malwarebytes ya bure, au Microsoft Safety Scanner. Hiyo ya Microsoft hufanya kazi siku 10 tu tangu uipakue. Ukiihitaji mwezi ujao, pakua nyingine. Anwani ya tovuti ya kampuni yenyewe iandike kwa mkono wako kwenye sehemu ya anwani. Usitafute jina kwenye Google ukabonyeza tokeo la kwanza, maana la kwanza linaweza kuwa tangazo, na tangazo linaweza kuwa la tapeli aliyeiga jina lile lile. Wapo walioingiza feki ya pili wakitafuta dawa ya feki ya kwanza.

12. Badilisha nywila, kwa kifaa kingine. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii. Hili ni la lazima kwa sura ya tatu. Kwa arifa tupu ambazo hukubonyeza wala kuandika kitu, huhitaji.

Kama umeshalipa, au umemruhusu mtu aingie

Piga simu benki kwa namba iliyoko nyuma ya kadi yako, leo, sio kesho. Omba kadi ifungwe na malipo yapingwe. Usidhani wamechukua mara moja tu: fomu nyingi za aina hii hukusajili kwa makato yanayojirudia. Kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni uliyoifungua kwenye huduma ya pesa za simu, ifute kadi hiyo na ufungue nyingine.

Kama mlizungumza kwa simu na akakuwekea AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, kata intaneti mara moja, ondoa programu hiyo, na uhesabu kwamba kila kilichokuwa kwenye skrini kimeonekana. Hatua ya 12 inakuwa ya kwanza. Hifadhi risiti, namba iliyotumika na picha za skrini, uende nazo polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018. Malalamiko yako yana pa kusimamia.

Na usione haya. Watu waliosoma vizuri, wahasibu, wauguzi, wachungaji, wameketi mbele yangu wakinieleza kwa sauti ya chini kama waliofanya kosa. Aliyefanya kosa ni aliyetengeneza lile dirisha.

Mambo yakikwama

*"Task Manager" haifunguki, au kila programu ninayoifungua inaambiwa ina virusi.* Feki inajilinda. Ingia Safe Mode kama hatua ya 7 lakini bonyeza namba 5, ambayo inakuachia intaneti. Programu ya ukaguzi ipakue kwenye kompyuta safi, ilete kwa flashi, na ubadilishe jina la faili lake liwe kitu cha kawaida kama barua.exe kabla ya kuifungua. Baadhi ya feki huzuia kwa jina tu.

*Nimeondoa kila kitu, nyongeza ya Chrome imerudi.* Chrome inarudisha nyongeza zako kutoka kwenye akaunti. Iondoe pia kwenye kompyuta nyingine unakotumia akaunti hiyo hiyo, zote siku moja.

*Chrome inasema "Managed by your organization" na kompyuta ni yangu binafsi.* Andika chrome://policy uone kilichowekwa. Wakati mwingine ni antivairasi halali imeweka, kwa hiyo soma kwanza. Ukikuta amri ya kulazimisha nyongeza au ukurasa wa kutafutia usioujua, hiyo ni kazi ya programu chafu. Rudia skani ya Malwarebytes, ambayo kwa kawaida huziona. Usiingie kwenye rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake ya ndani, kufutafuta kwa kubahatisha.

*Tovuti za kampuni za antivairasi hazifunguki, nyingine zinafunguka.* Angalia Settings, "Network & internet", "Proxy", uzime "Use a proxy server" kama hukuiwasha wewe. Bado? Fungua Notepad kwa "Run as administrator", kisha ndani yake fungua faili liitwalo hosts lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari inayoanza na # haina neno. Ukiona mistari mingine yenye majina ya kampuni za antivairasi au ya Microsoft, ifute na uhifadhi.

*Ulinzi wa Windows hauwaki.* Huzimika wenyewe ukikuta antivairasi nyingine. Tazama "Installed apps" kama kuna mabaki ya ile ya majaribio au ya feki, ondoa, washa upya.

*Kompyuta imekuwa nzito kuliko mwanzo.* Hesabu antivairasi ulizoziweka ukiwa kwenye taharuki. Baki na moja. Ule ulinzi wa Windows unawatosha watu wengi bila kulipia kitu.

*Nimefuata yote na bado.* Hapo ndipo kupigiwa Windows upya kunastahili. Lakini kabla hujamkabidhi fundi, nakili Documents, Desktop, Downloads na Pictures, na kama unatumia Outlook au programu ya mahesabu ya duka, muulize fundi data yake inakaa wapi, kwa sababu mara nyingi haiko kwenye folda hizo. Kisha chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye antivairasi iliyosasishwa, iskani, na ufungue mafaili matatu manne uone yanasomeka. Ndipo umwambie aanze.